Kuchagua Feni ya Kuondoa Radoni Nyumbani

Umekwisha kujifunza kwamba hewa ni mchanganyiko wa gesi mbalimbali. Katika somo hili utajifunza habari za gesi moja itokayo ardhini, iitwayo radoni. Utaona jinsi inavyoingia nyumbani bila mtu kuitambua, na jinsi ya kuchagua feni ifaayo kuiondoa.

Radoni ni nini?

Karibu kila mwamba na kila udongo duniani una urani kidogo sana. Urani hugeuka polepole, kwa miaka mingi mno, na mwishowe hutokea radoni. Urani ni kitu yabisi, kwa hiyo hubaki mwambani. Radoni ni gesi, kwa hiyo hupenya katikati ya chembe za udongo na kupanda juu. Haina rangi, harufu wala ladha.

Nje ya nyumba, radoni huchanganyika na hewa nyingi ikawa haba. Hatari hutokea inapokusanyika ndani ya nyumba. Radoni hutoa mionzi. Mtu akiivuta kwa miaka mingi, mionzi hiyo huweza kudhuru mapafu yake na kumletea saratani. Mvutaji wa sigara yumo katika hatari kubwa zaidi.

Kwa nini radoni huingia nyumbani?

Katika nchi za baridi, kama Marekani, watu hufunga madirisha na kupasha nyumba joto wakati wa kipupwe. Kumbuka kwamba hewa yenye joto hupanda. Hewa hiyo ikitoka kwa juu, hewa nyingine huvutwa kutoka chini ya sakafu kupitia nyufa. Radoni huingia pamoja nayo. Madirisha yakiwa wazi, hewa hubadilika na radoni hupungua.

Mwezi wa Desemba, 1984, mhandisi mmjoa wa Marekani, Stanley Watras, alikuwa akifanya kazi katika kituo cha nguvu za atomiki huko Limerick, Pennsylvania. King'ora cha kupimia mionzi kililia alipopita. Wataalamu walichunguza, wakaona kwamba mionzi hiyo haikutoka kituoni bali nyumbani kwake. Radoni iliyokuwamo ilizidi mara 600 ya kiwango ambacho Marekani hushauri nyumba irekebishwe. Familia yake ilihama, nyumba ikarekebishwa, kisha wakarudi.

Kwanza pima

Kwa kuwa radoni haionekani, lazima ipimwe. Kipimo kimoja ni kikopo chenye mkaa maalumu. Kikopo huachwa wazi chumbani kwa siku 2 hadi 7. Mkaa hunasa radoni, kisha kikopo hupelekwa maabara. Radoni hupimwa kwa bekereli. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri radoni nyumbani isizidi bekereli 100 katika kila mita 1 ya ujazo ya hewa.

Radoni ikizidi, fundi hutoboa sakafu, huchimba shimo dogo chini yake, na kusimamisha bomba kutoka shimoni hadi juu ya paa. Feni iliyofungwa katika bomba huvuta hewa ya chini ya sakafu na kuitoa nje kabla haijaingia nyumbani. Nyufa za sakafu huzibwa.

Jaribio: Hewa hupita wapi kwa urahisi?

*Vifaa:* Makopo 2, kokoto, udongo wa mfinyanzi wenye unyevu, na mirija 2. Vikonyo vya majani ya mpapai hufaa kuwa mirija.

*Njia:* Weka kokoto chache chini ya kila kopo. Simamisha mrija katikati ya kila kopo mpaka uguse kokoto hizo. Jaza kopo la kwanza kwa kokoto. Jaza kopo la pili kwa mfinyanzi, ukiushindilia kuzunguka mrija. Sasa puliza katika kila mrija. Usivute, usije ukameza vumbi.

*Umeona nini?* Katika kopo la kokoto hewa ilipita kwa urahisi. Katika kopo la mfinyanzi ulipuliza kwa nguvu, lakini hewa ilipita kidogo sana au haikupita kabisa.

Feni ipi inafaa?

Jaribio lako linaonyesha jambo ambalo fundi hulitazama kwanza: kilichomo chini ya sakafu.

(a) Chini ya sakafu pakiwa na kokoto, hewa hupita kwa wingi. Hapo inafaa feni ipitishayo hewa nyingi, ingawa mvuto wake si mkubwa.

(b) Pakiwa na mfinyanzi au mchanga ulioshikamana, hewa hupita kwa shida. Hapo inafaa feni yenye mvuto mkubwa, ingawa hupitisha hewa kidogo.

Fundi hakisii. Huvuta hewa kwa mashine katika tundu moja la sakafu, kisha huweka moshi kidogo karibu na tundu jingine lililo mbali. Moshi ukiingia tunduni, mvuto umefika hapo. Usipoingia, yahitajika feni yenye mvuto zaidi, au bomba la pili.

Je, si afadhali kununua feni kubwa kuliko zote? La. Feni kubwa kupita kiasi hupiga kelele na kula umeme mwingi. Tena huweza kuvuta hewa ya nyumbani kupitia nyufa, hata moshi wenye sumu wa tanuri ukarudi ndani. Kumbuka pia kwamba feni hii huzunguka usiku na mchana. Feni ya wati 60 hutumia wati-saa 60 × 24 = 1,440 kwa siku, yaani uniti 1.44.

Feni ifungwe wapi?

Feni hufungwa nje ya nyumba au darini, wala si katika vyumba vya kukaa. Sababu ni hii: bomba lililo baada ya feni husukuma hewa. Likipasuka ndani ya chumba, radoni itamwagika humo humo.

Katika bomba hutiwa kipimo cha mrija wenye maji ya rangi. Maji yakiwa juu upande mmoja kuliko mwingine, feni inavuta. Yakilingana, feni imesimama. Lakini kipimo hicho hakionyeshi kiasi cha radoni. Kwa hiyo, baada ya feni kufungwa, nyumba lazima ipimwe tena.

Maswali

1. Kwa nini huwezi kuitambua radoni kwa kunusa?
2. Eleza kwa nini radoni huzidi nyumbani wakati wa kipupwe.
3. Nyumba imejengwa juu ya mfinyanzi. Chagua feni ifaayo, na utoe sababu.
4. Feni ya wati 75 hutumia uniti ngapi kwa siku 30?
5. Mtu amefunga feni, na kipimo cha maji kinaonyesha kwamba inavuta. Anasema, "Sasa nyumba yangu ni salama." Utamshauri nini?