Ruta Mbili, Lango Moja

Julai iliyopita niliitwa kwenye ofisi moja ya ushirika wa kahawa hapa Maguu. Kompyuta nne: mbili zinapata intaneti, mbili hazipati. Shikamoo yangu haikujibiwa. "Fundi, mwanangu," mama katibu akaanza, "jana zilikuwa hizi, leo zimekufa zile!"

Hatua ya kwanza mnaijua: zima ruta, washa. Zikapona tatu. Nikaletewa chai (ndiyo, chai, kahawa yetu inanywewa mbali), na kikombe hakijaisha zikafa zote.

Hatua ya pili: angalia kila kompyuta inatokea lango gani. Ikiwashwa, kompyuta haijui njia. Hupaza sauti kwenye mtandao, na DHCP hujibu: anwani yako hii, lango lako lile. Kwa kawaida hushika jibu linalowahi, hata aliyejibu akiwa mpita njia. Nikaandika ipconfig kila mashine. Zote: 192.168.1.1. Nikaona lango halina kosa, nikapoteza nusu siku nikiulaani mtandao wa simu bure.

Nilichokipata kwa jasho ni hiki: usiishie kwenye anwani, tafuta nani anaiitikia. Andika ping 192.168.1.1, kisha arp -a. Mbele ya anwani ya lango utaona namba ya MAC, jozi sita. Pindua ruta, usome kibandiko. Jozi ya mwisho ikipishana kidogo usishtuke, ruta moja huwa na MAC kadhaa. Linganisha jozi tatu za mwanzo, ambazo kwa kawaida ni za kiwanda. Kompyuta mbili zilifanana na kibandiko. Mbili zilikuwa na kiwanda kingine kabisa.

Nikafuata waya. Umetoboa ukuta, umeingia ghalani, umeishia nyuma ya magunia kwenye kiruta kipya kinachowakawaka. Mtunza ghala alikinunua Songea apate WiFi kwenye mizani, na muuzaji akamwambia achomeke tundu lolote. Tundu lolote! Watu wanauza boksi, maelezo hawana. Nacho kimetoka kiwandani na 192.168.1.1 ileile, kinagawa anwani, kinajiita lango, na nyuma yake hakuna intaneti.

Nikakipa 192.168.1.2, nikazima DHCP yake, waya nikauacha kwenye tundu la LAN. Dakika kumi.

Hatua ya tatu ilikuwa kumweleza mtunza ghala. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatazama simu yake pale kwenye mizani, WiFi imejaa. "Mbona yangu inashika kama jana," akasema. "Sasa fundi, umetengeneza nini?"