KOTI KABLA YA BARIDI
Somo la Majilio kwa wazazi, walimu wa Shule ya Jumapili na vikundi vya mtaa

Masomo ya kusomwa nyumbani kabla ya kukutana: 2 Timotheo 4:9-21, Ruthu 2:1-16, Mathayo 6:1-4, Marko 12:41-44, Kumbukumbu la Torati 24:10-13.



Mtume Paulo, alipokuwa kifungoni na siku zake zikikaribia mwisho, alimwandikia Timotheo barua ya pili. Katikati ya mambo makubwa ya imani mna ombi dogo ambalo wengi wetu twalipita upesi. Anaomba aletewe joho lake aliloliacha Troa kwa Karpo, na kabla ya kufunga barua anamhimiza Timotheo afike mapema, majira ya baridi yasije yakamtangulia. Mhubiri wa mataifa alikuwa akisikia baridi, wala hakuona haya kusema.

Somo letu la Majilio laanza na joho hilo. Tutaangalia jinsi shule za msingi za nchi za baridi zinavyowafundisha watoto kutoa. Tutaona lililo jema la kuiga, na lile la kuogopa. Kisha tutajiuliza habari za shule zetu wenyewe.

Baridi ya huko

Sisi tuliozoea Desemba ya joto na maembe, si rahisi kuifikiri Desemba ya watoto wa Chicago au London. Mjini London jua la siku za Krismasi huzama kabla ya saa 10 jioni. Mjini Chicago kuna siku ambazo baridi hushuka chini ya nyuzi 18 za Selsiasi chini ya sifuri, na mtoto asiye na koti zito, kofia ya sufu na glavu hawezi kutoka kucheza na wenzake. Koti huko si pambo, ni kama paa la nyumba.

Tena kuna baridi ya tumboni. Nchini Marekani sheria ya chakula cha mchana shuleni ilitiwa sahihi na Rais Truman mwaka 1946, na tangu hapo mamilioni ya watoto wamekula shuleni kwa bei nafuu au bila malipo. Shule inapofungwa kwa Krismasi, meza ile nayo hufungwa. Likizo inayomletea mtoto mmoja furaha yaweza kumletea jirani yake njaa.

Kwa sababu hiyo, tangu Novemba shule nyingi za huko hukusanya vitu. Watoto huleta chakula cha makopo. Wengine huleta makoti yaliyowabana. Katika shule nyingine husimamishwa mti mkavu au mti wa Krismasi, na watoto huutundika glavu, kofia na skafu badala ya mapambo, kisha vitu hivyo hupelekwa kwa wenye haja. Wengine huchora kadi na kwenda kuwaimbia wazee katika nyumba za kutunzia wazee.

Mshumaa na chungwa

Katika Kanisa letu la Anglikana, huko Uingereza, watoto wana ibada yao ya majira haya iitwayo Christingle. Asili yake si kwetu. Mwaka 1747, huko Marienborn, Ujerumani, Askofu Johannes de Watteville wa Kanisa la Moravian alimpa kila mtoto mshumaa mdogo uliofungwa utepe mwekundu, ili akumbuke mwanga wa Kristo na damu yake. Wamoravian ndio hao hao ambao wasomaji wetu wa Rungwe na Tabora wanawafahamu; walifika Rungwe mwaka 1891.

Mwaka 1968 John Pensom, aliyekuwa akifanya kazi katika shirika la The Children's Society, aliileta ibada hiyo katika Kanisa la Uingereza, katika kanisa kuu la Lincoln. Siku hizi kila mtoto hushika chungwa, ambalo ni dunia. Utepe mwekundu unaolizunguka ni damu ya Bwana, mshumaa ulio juu ni Kristo Nuru, na vijiti vinne vyenye matunda makavu au peremende ni mazao na majira ya Mungu. Watoto huleta sadaka yao, nayo huenda kuwasaidia watoto walio taabuni. Shirika lenyewe lilianzishwa mwaka 1881 na Edward Rudolf, mwalimu wa Shule ya Jumapili, baada ya kuwaona watoto wawili wa darasa lake wakiomba chakula barabarani. Mwalimu aliyewajua watoto wake ndiye aliyeona.

Angalieni jambo moja. Machungwa yote ni sawa. Mtoto wa tajiri na mtoto wa maskini hushika tunda lile lile, na taa za kanisa zinapozimwa, mwanga wa mmoja haupiti wa mwenzake.

Aibu iliyojificha ndani ya zawadi

Hapo ndipo penye moyo wa somo letu. Shule si kama mji, ambamo mtoaji na mpokeaji hawajuani. Shuleni wanaketi dawati moja. Anayeleta koti Jumatatu aweza kuliona Jumatano mgongoni mwa rafiki yake. Akisema kwa sauti, "Hilo lilikuwa langu," zawadi imegeuka kuwa jeraha.

Tusidhani ni jambo dogo. Mtoto aweza kuvumilia baridi kuliko kuvumilia kucheka kwa wenzake. Wengi wetu twakumbuka zamani za shule zetu: majina yakisomwa mstarini ya wasiolipa, au mtoto akiitwa mbele ya wote kupokea madaftari ya msaada huku wageni wakipiga makofi. Madaftari yaliisha baada ya muhula mmoja. Makofi yale hayakusahaulika.

Wamarekani walilitambua jambo hili hata wakaliandika katika sheria. Mwaka 1970 walipoirekebisha sheria yao ya chakula cha shule, walikataza watoto wanaokula bila malipo wasitambulishwe kwa tikiti za namna ya pekee, wala kwa orodha ya majina iliyotangazwa. Chakula kiwe kimoja, na siri ikae ofisini.

Lakini Maandiko yalikwisha kutangulia. Katika Kumbukumbu la Torati mwenye kukopesha hakuruhusiwa kuingia nyumbani mwa maskini kuchukua rehani; alipaswa kusimama nje, mwenye nyumba amletee mwenyewe. Na kama rehani ni vazi la kujifunikia, lirudishwe kabla ya jua kuchwa. Sheria ile ililinda mwili wa maskini, na mlango wake pia. Tena Boazi hakumwita Ruthu mbele ya wavunaji na kumpa gunia. Aliwaagiza vijana wake kwa siri waangushe masuke makusudi, naye akayaokota kwa mkono wake mwenyewe, akarudi kwa Naomi na kazi ya mikono yake. Na Paulo alipowakemea Wakorintho kwa habari ya meza ya Bwana (1 Wakorintho 11:20-22), shtaka lake mojawapo lilikuwa kwamba waliwatia haya wasio na kitu.

Basi twajifunza kwamba zawadi ina sehemu mbili: kitu chenyewe, na jinsi kilivyofika. Bwana wetu alipotuagiza tutoe sadaka kwa siri, twazoea kufikiri kwamba anatuponya sisi watoaji na majivuno. Ni kweli. Lakini siri ile yamponya na mpokeaji pia.

Mambo manne ya kushika

Kwanza, fika mapema. Koti la Februari halimfai aliyeugua Desemba. Timotheo aliombwa aje kabla. Mwalimu mwangalifu huanza kuuliza wakati mvua na baridi zingali mbali, na haja ya mtoto huiona viatuni mwake kabla hajaambiwa.

Pili, toa kitu kinachofaa. Tarehe 11 Novemba Kanisa humkumbuka Martin, Askofu wa Tours, aliyefariki mwaka 397. Alipokuwa askari kijana, bado hajabatizwa, alimkuta maskini amekaa uchi langoni pa mji wa Amiens wakati wa baridi kali. Alilikata vazi lake kwa upanga, akampa nusu. Wengine walimcheka kwa kuvaa nusu vazi. Hakumpa kilichochakaa, alimpa alichokuwa amekivaa. Hata leo huko Ujerumani watoto hutembea usiku na taa za karatasi kumkumbuka, na mahali pengine humega mkate mtamu wakagawana. Basi koti lisilo na vifungo na kopo lililopita tarehe tusiviite sadaka. Vitu hivyo tumevitupa, ila tumechagua mahali pa kuvitupa.

Tatu, kila mtoto awe na cha kutoa. Shule nyingine hushindanisha madarasa, lipi litaleta makopo mengi. Mashindano yana furaha yake, lakini hapo mtoto wa nyumba isiyo na kitu ajifunza kwamba hana fungu katika wema. Bwana aliketi kuielekea sanduku la hazina, akamwona mjane na senti zake mbili. Hakuzikataa kwa kuwa mjane ni maskini, alizihesabu. Mtoto asiye na kopo aweza kupanga makopo, kuchora kadi, kuimba, kumchotea maji bibi jirani. Anayepokea leo asiachwe kuwa mpokeaji siku zote.

Nne, zawadi isitufanye tusahau haki. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, Marcus Rashford, mchezaji wa mpira wa Manchester United ambaye utotoni alikula chakula cha bure shuleni, aliomba serikali ya Uingereza iwalishe watoto maskini hata wakati wa likizo. Oktoba mwaka huo Bunge lilikataa. Watu wengi, maduka na halmashauri za miji wakaanza kutoa chakula wenyewe. Na Novemba serikali ikatangaza pauni milioni 170 za kuzisaidia jamaa maskini wakati wa baridi ile. Pande zote mbili zilihitajika. Mwenye duka aliyetoa chakula hakungoja sheria, na aliyeomba sheria hakuridhika na sadaka ya wiki moja.

Na sisi je?

Pengine msomaji atasema, hayo ni ya nchi za theluji. La, si hivyo. Ndugu zetu wa Njombe na Makete wajua baridi ya Juni na Julai, asubuhi umande unapoganda juu ya majani, na mtoto akaenda shule na shati jepesi lililolowa. Na hata pwani, ambako kipupwe ni upepo mtamu tu, kila mtaa una baridi yake: Januari, wakati wa kununua sare, miezi ya njaa kabla ya mavuno, siku mtoto anapotumwa nyumbani kwa kukosa viatu.

Twapendekeza jambo moja jepesi. Majilio haya, walimu wa Shule ya Jumapili na Umoja wa Mama wachague watu wawili tu, waaminifu na wenye midomo mizito, wazungumze na mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu. Waulize ni sweta ngapi, viatu vya ukubwa gani, madaftari mangapi, wasiulize majina. Mtaa ukusanye. Vitu vipelekwe jioni, pasipo picha na pasipo hotuba, vitiwe kabatini mwa shule. Mwalimu atajua jinsi ya kumwita mtoto kana kwamba anamtuma chaki. Na watoto wetu wote, wenye nacho na wasio nacho, wafanye kazi ya kukunja, kuhesabu na kubeba.

Anayetaka kusifiwa kwa kazi hii hatasifiwa. Lakini Januari, mtoto mmoja ataketi darasani hatetemeki, na jirani yake wa dawati hatajua kwa nini.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Je, umewahi kupokea msaada uliokutia haya? Mtoaji angalifanyaje vingine?
2. Boazi aliwaagiza nini vijana wake, na kwa nini hakumwambia Ruthu mwenyewe?
3. "Majira ya baridi" ya mtaa wetu ni miezi gani? Nani huumia zaidi katika shule yetu?
4. Watoto wasio na fedha waweza kutoa nini Krismasi hii?

Tuombe

Ee Bwana Yesu, uliyezaliwa pasipo nafasi, ukavikwa nguo za mtoto kwa mikono ya maskini: tufungue macho tuone haja kabla haijalia, utufundishe kutoa pasipo kuaibisha na kupokea pasipo kuona haya, na watoto wetu wote uwaweke katika nuru yako moja. Amina.