Gari Likigonga kwa Mbele: Kutengeneza au Kuacha?

Foleni za miji yetu huzaa ajali ndogo kila siku. Gari la mbele husimama ghafla, la nyuma huchelewa kufunga breki, na bampa hupasuka. Madereva hushuka, hutazama, kisha mmoja husema: "Ni bampa tu." Kauli hiyo imewagharimu wengi. Katika somo hili tunaeleza maswali matatu ambayo mwenye gari anapaswa kuyajibu kabla ya kuamua kutengeneza, kuahirisha au kuuza.

Swali la kwanza: Je, gari ni salama?

Bampa la magari mengi ya sasa ni ganda la plastiki. Ganda hilo huweza kubonyea na kurudi mahali pake ilhali chuma kilicho nyuma yake kimepinda. Huko nyuma ndiko iliko rejeta pamoja na feni zake na, kwa magari yenye kiyoyozi, kondensa. Rejeta iliyopata ufa mdogo huvuja taratibu. Dereva asipotambua, injini huchemka, gasketi ya silinda hedi huungua, na tengenezo dogo hugeuka kuwa tengenezo la injini.

Usiendelee kuliendesha gari iwapo unaona mojawapo ya dalili hizi:

• maji au mafuta yanadondoka chini, au mshale wa joto unapanda;
• boneti haijifungi sawasawa, kwani huweza kufunuka ukiwa mwendoni na kukuziba macho;
• taa ya mbele imevunjika au mwanga wake umepinda;
• gari linavuta upande mmoja, au kipande cha bampa kinagusa tairi;
• taa ya tahadhari ya mifuko ya hewa inawaka.

Tazama pia nafasi kati ya boneti na madigadi. Ikiwa upande mmoja ni pana na mwingine ni finyu, huenda chasisi imepinda. Hapo fundi wa rangi peke yake hatoshi. Gari lipimwe na fundi wa bodi mwenye vifaa vya kunyooshea.

Swali la pili: Nani atalipa?

Bima ndogo, yaani ya mtu wa tatu, hailipii gari lako mwenyewe. Mwenye bima kubwa atoe taarifa kwa kampuni yake mapema, apige picha, na asianze matengenezo kabla mkadiriaji hajaliona gari. Hata hivyo, soma mkataba wako: ipo sehemu ya hasara utakayoibeba mwenyewe, na kudai huweza kukupotezea punguzo la mwaka unaofuata. Hasara ikiwa ndogo, pengine ni nafuu kulipa mwenyewe.

Ikiwa kosa ni la mwenzako, usiridhike na ahadi ya barabarani ya "fundi wangu atakutengenezea". Andika namba ya gari lake, jina lake na kampuni yake ya bima, na upate taarifa ya polisi. Usiporidhika na namna kampuni ya bima ilivyoshughulikia dai lako, unaweza kupeleka lalamiko kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Swali la tatu: Je, gharama inalingana na thamani ya gari?

Tuchukue mfano. Gari lina thamani ya shilingi 9,000,000, na mwenye gari ana bima ndogo. Gereji inakadiria taa shilingi 500,000, rejeta na ufungaji wake 600,000, kufuli la boneti 100,000, bampa na rangi 1,000,000. Jumla ni 2,200,000. Vitu vitatu vya kwanza, vyenye jumla ya 1,200,000, vinahusu usalama na havisubiri. Bampa na rangi ni sura ya gari. Vinaweza kungoja, mradi bampa lililopo limefungwa imara.

Lakini chasisi ikiwa imepinda na gharama ikakaribia thamani ya gari, kuliuza kama lilivyo huweza kuwa uamuzi wa busara. Mweleze mnunuzi ukweli wote. Kuficha madhara chini ya rangi mpya ni kumuuzia mwenzako hatari.

Kabla ya kulikabidhi gari gereji

1. Pata makadirio ya maandishi kutoka gereji mbili au zaidi, baada ya bampa kufunguliwa.
2. Taka bei ya spea, ya ufundi na ya rangi zitenganishwe, na ielezwe kama spea ni mpya au za mtumba.
3. Kubalianeni kwamba kazi ya nyongeza haitafanyika bila idhini yako.
4. Omba kuoneshwa spea za zamani zilizotolewa.
5. Dai risiti na muda wa dhamana kwa maandishi.

Fedha zisipotosha, anza na kinacholinda uhai. Sura ya gari ifuate baadaye.