Unga wa ndizi badala ya sukari

Kiangazi cha Mitwaba, kuanzia Mei hadi Septemba, ndicho wakati mzuri wa kukausha ndizi za kutia utamu katika uji.

1. Chagua ndizi zilizoiva mpaka ganda lina madoa meusi. Mbichi hutoa unga wa wanga usio na utamu.
2. Kata vipande vyembamba, vianike juu ya uchanja, mbali na vumbi la barabara.
3. Funika kwa kitambaa chepesi, kamwe si chandarua cha malaria: kina dawa ya kuua wadudu.
4. Kosa kubwa ni kusaga mapema. Kipande kikipinda, bado hakijakauka. Ngoja kivunjike ndipo usage, la sivyo unga utaota ukungu.
5. Hifadhi katika chupa kavu yenye kifuniko, chota kwa kijiko kikavu.
6. Gramu 100 za unga huu zina takriban gramu 10 za nyuzinyuzi na miligramu 1,500 za potasiamu. Sukari nyeupe haina nyuzinyuzi, na potasiamu yake ni kama hakuna.
7. Hata hivyo karibu nusu ya unga huu ni sukari: mwenye kisukari apime kiasi.
8. Mtoto wa chini ya miezi 6 asipewe, anyonye tu.