ADUI WA NJIA NI MAJI

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi maana ya methali hii niliipata njiani.

Likizo ya Agosti nilifuatana na binamu yangu hadi Msitu wa Karura, kujitolea kukagua na kutengeneza njia za baiskeli. Msitu huu ulitangazwa rasmi mwaka wa 1932 na una zaidi ya hekta 1,000. Mnamo Januari 1999, marehemu Profesa Wangari Maathai na wenzake walipigwa huko walipokwenda kupanda miti kupinga unyakuzi wa ardhi. Msitu uliookolewa kwa damu haufai kuharibiwa kwa uzembe.

Nilipewa sepetu. Nikaona mfereji uliochimbwa na magurudumu, nikaujaza udongo, nikaukanyagakanyaga, nikajisifu. Mzee mmoja tuliyekuwa naye akacheka. "Kijana, mvua ya kwanza itaubeba wote. Usitibu kidonda kabla hujakiona kisu." Kisu chenyewe ni maji.

Haya ndiyo aliyotufunza:

1. Njia isiteremke mlima moja kwa moja, bali iukate kwa kuzunguka. Mteremko wake usizidi nusu ya ule wa kilima. Kilima kikiwa na asilimia 20, njia isipite asilimia 10.

2. Ukingo wa chini uinamishwe kidogo ili maji yavuke njia, yasitembee ndani yake.

3. Mitaro izibuliwe majani kabla ya mvua, si baada.

4. Usiendeshe baiskeli kwenye matope. Alama ya gurudumu leo ni mfereji kesho. Ukikuta kidimbwi, pita katikati polepole. Ukikizunguka, unapanua njia na kuua mimea ya kando.

5. Mkaguzi asiende peke yake. Mti ukianguka, aandike mahali ulipo, awaarifu askari wa msitu. Asikate mti bila ruhusa, kwani ni kosa kisheria.

Basi niliporudi Kware nikajifanya fundi. Mnaijua njia yetu ya kuja shuleni: udongo mweusi, mvua ikinyesha unabeba kilo mbili za matope kila mguu! Nikachimba mtaro kukata njia, kama kule msituni. Usiku mvua ikanyesha. Asubuhi njia ilikuwa kavu kweli, lakini maji yote yalikuwa yameingia kibandani kwa mama mmoja anayeuza mboga. Sukuma wiki zinaelea.

"Mwanangu," akaniambia, "umeponya njia ukaniua mimi?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamwomba msamaha, nikaita vijana wawili, tukaendeleza ule mtaro hadi mtaro mkubwa wa barabarani. Mahali pa kuvukia tukapanga mawe, nayo hayakosekani, maana jina Kware lenyewe ni machimbo ya mawe. Yule mama alituonyesha maji hupita wapi kila msimu. Laiti ningalimuuliza mwanzoni!

Somo langu ni hili. Msituni maji ukiyatoa njiani yanapokewa na miti. Mtaani yanapokewa na jirani. Kwa hivyo wenzangu, mvua za vuli zikikaribia shikeni majembe, lakini kabla ya jembe la kwanza, mwulizeni jirani wa chini: maji haya yataenda wapi?