Kabla ya Kuonja Pombe ya Kijijini na Mwenzako

Katika nchi zinazolima zabibu, mume na mke huweza kufunga safari hadi kwa mtengenezaji mdogo wa mvinyo huko mashambani, wakaonja kidogo kutoka kila pipa. Zabibu si zao letu la kutegemea katika kaunti za Migori na Homa Bay. Hata hivyo, safari ya namna hiyo ipo. Wenyeji wa mijini wanapokwenda nyumbani likizoni, wengi hupenda kumpeleka mwenzi wao kwa mama apikaye busaa, na mara nyingi nyuma ya mtungi wa busaa kuna chupa ya chang'aa.

Wahenga walisema muonja asali haonji mara moja. Kabla hujaonja, msomaji, yafaa ujue ni nini kilichomo ndani ya kikombe.

Vinywaji viwili tofauti

Busaa hutengenezwa kwa unga wa mahindi uliolowekwa na kuachwa siku kadhaa uchachuke. Kisha hukaangwa juu ya bati, ukachanganywa na maji pamoja na kimea cha wimbi au mtama, ukaachwa tena uumuke na hatimaye kuchujwa. Kwa kawaida nguvu yake hukaribia ile ya bia.

Hatari ya busaa haiko katika kileo peke yake. Maji yanayotiwa baada ya kukaanga mara nyingi hayachemshwi. Katika eneo la ziwa, ambako kipindupindu kilizuka mwaka 2015 katika Homa Bay na Migori, hilo si jambo dogo. Mahindi yaliyoota ukungu nayo huwa na sumu ya aflatoksini ambayo moto wa jikoni hauiondoi yote, na ambayo hudhuru ini.

Chang'aa ni kitu kingine kabisa. Pombe iliyochachuka, ambayo mara nyingi hutokana na sukari nguru, huchemshwa na mvuke wake kupozwa. Nguvu yake huweza kufika asilimia 40 au hata kuzidi, ilhali mvinyo huwa karibu asilimia 12. Chupa haina kibandiko cha kukuambia.

Tufanye hesabu. Kikombe cha chai cha mililita 200 chenye chang'aa ya asilimia 40 kina takriban gramu 63 za kileo. Ini la mtu mzima huondoa gramu 7 hadi 10 kwa saa. Basi kikombe kimoja kinahitaji saa 6 hadi 9 kuisha mwilini. Kahawa, supu na maji baridi haviharakishi kazi hiyo. Anayetarajia kuendesha gari jioni hiyo kutoka Homa Bay hadi Rongo asionje hata kidogo. Hata wataalamu wa kuonja mvinyo hutema wanachoonja.

Mume na mke wakinywa kiasi sawa, kwa kawaida mke huathirika zaidi, kwa sababu mwili wa mwanamke una maji machache zaidi ya kukizimua kileo.

Sumu isiyo na ladha

Kinachoua kwa ghafla ni methanoli. Nafaka ikichachuka vizuri hutoa methanoli kidogo mno. Misiba mikubwa hutokea wauzaji wanapotia methanoli ya viwandani ili kuongeza makali. Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walikufa mjini Nairobi kwa pombe ya aina hiyo. Februari 2024, zaidi ya watu 10 walikufa katika kijiji cha Kangai, Kirinyaga. Misiba hiyo haikutokea kando ya ziwa, lakini madebe ya kemikali husafirishwa popote.

Huwezi kuitambua methanoli kwa ulimi wala kwa pua. Wako wanaowasha kiberiti na kusema moto wa samawati ni dalili ya usafi. Wanajidanganya, kwani methanoli pia huwaka samawati.

Ini huigeuza methanoli kuwa asidi ya fomiki, nayo hushambulia neva za macho na kuifanya damu kuwa na asidi nyingi. Jambo la hatari ni kwamba hali hiyo huchelewa. Mtu huamka akidhani ana mning'inio wa kawaida. Baada ya saa 12 hadi 24 huanza kuumwa kichwa na tumbo, kutapika, kupumua haraka na kuona ukungu machoni.

Ukiona dalili hizo, usisubiri kesho. Usimpe maziwa wala pombe nyingine. Mkimbize katika hospitali ya rufaa ya kaunti. Huko anaweza kupewa dawa ya kulizuia ini lisitengeneze asidi hiyo, dawa ya kupunguza asidi iliyokwisha kuingia katika damu, na ikibidi damu isafishwe kwa mashine. Tiba ikichelewa, macho huweza kupofuka daima. Kama mlikunywa pamoja, nendeni pamoja, hata kama mmoja wenu anajisikia mzima. Chukueni na mabaki ya kinywaji.

Nani asionje kabisa?

Mwanamke mjamzito, au anayetafuta mimba, asionje. Hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto, na majuma ya kwanza hupita kabla mama hajajua kwamba ana mimba.

Anayetumia metronidazoli aache kileo hadi siku tatu baada ya kumaliza dawa. Mgonjwa wa kifua kikuu na mwenye homa ya ini wajiepushe. Mwenye kisukari anayetumia insulini anaweza kuishiwa na sukari mwilini usiku akiwa usingizini, na jamaa wakadhani amelewa tu. Mwenye selimundu hupoteza maji mwilini, jambo linaloweza kumletea maumivu makali.

Wanaotumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi huniuliza: je, nikinywa niruke dozi? La, usiruke! Dawa haigeuki sumu kwa sababu ya busaa. Kinachodhuru ni kusahau au kuacha dawa. Meza kwa saa yako ile ile.

Neno la mwisho

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hakuna kiasi cha kileo kisicho na madhara yoyote kwa afya. Hilo halikufanyi kuwa adui wa mama apikaye busaa. Mtembeleeni, mwone jinsi anavyokaanga na kuchuja, na mumlipe kwa muda wake. Mkiamua kuonja, onjeni busaa iliyotengenezwa kwa nafaka safi na maji yaliyochemshwa, baada ya kula, kila mmoja kwa kikombe chake. Chang'aa isiyojulikana ilikotoka iacheni ndani ya chupa. Na kabla hamjaondoka nyumbani, kubalianeni ni nani atakayeendesha gari bila kuonja.