Daftari Tupu Si Dalili ya Uvivu: Masomo ya Watoto Wadogo Kalamba

Kalamba ni nchi ya wakulima katika Kaunti ya Makueni, nchini Kenya, upande wa kilima cha Nzaui. Mvua zake si nyingi, na zile za vuli, zinyeshazo kuanzia Oktoba hadi Desemba, ndizo zitegemewazo kuliko za masika. Mzazi wa huko hununua sare ya mtoto na kulipia uji wake kwa jasho la mbaazi na ndengu. Kwa hiyo ana haki ya kuuliza mtoto amepata nini shuleni. Jioni hufungua mkoba wa mtoto wa miaka minne, akaona daftari halina herufi hata moja. Mtoto akiulizwa walifanya nini, hujibu kwamba walicheza. Hapo wazazi wengine hukasirika, na wako wamhamishao mtoto na kumpeleka mahali ambapo watoto hukaa kimya na kunakili herufi ubaoni tangu asubuhi.

Yafaa jambo hili lifikiriwe vizuri, kwa sababu mtoto akikosewa katika mwaka wake wa kwanza huenda akaichukia shule kabla hajajua shule ni nini.

MAMBO YA SIKU MOJA

Katika shule ya watoto wadogo siku huanza kwa kusalimiana na kuimba. Mwalimu hutazama kucha, macho na mavazi, na kumwuliza kila mtoto hali yake. Kisha masomo hufuatana, kila moja la nusu saa tu, kwa kuwa akili ya mtoto wa umri huo haikai mahali pamoja kwa muda mrefu. Yako masomo ya lugha, ya hesabu, ya mazingira, ya dini, na ya kazi za mikono na michezo. Katikati ya asubuhi watoto hunawa mikono, hunywa uji, na kutoka nje kucheza.

Hata unawaji huo ni somo. Mahali ambapo maji ni ya shida, mtoto hujifunza kutumia maji kidogo kwa zamu. Mwalimu mwerevu huwapa pia kikombe na mtungi, wakahesabu ni vikombe vingapi vitakavyoujaza. Hicho ndicho kipimo cha ujazo, ambacho watakutana nacho tena katika vitabu miaka ijayo.

Pembeni mwa darasa huwa pana duka dogo la makopo matupu na pakiti za unga zilizokwisha tumika. Mmoja huwa mwenye duka, wengine wanunuzi, na vizibo vya soda ndivyo fedha. Mgeni achunguliaye dirishani huona mchezo. Lakini watoto hao wanahesabu, wanatumia maneno ya adabu, na wanajifunza kungoja zamu.

KUHESABU KWA MDOMO NA KUHESABU KWA KWELI

Wazazi hufurahi sana wamsikiapo mtoto akitaja namba moja hadi kumi bila kusita. Furaha hiyo ni njema, lakini haitoshi. Mtoto aweza kuzitaja zote kama aimbavyo wimbo, nawe ukimwambia akuletee mbegu tano za maharagwe, akachota konzi na kukuletea. Huyo amejua majina ya namba, ila bado hajajua namba yenyewe.

Liko jaribio jingine ambalo mzazi aweza kulifanya nyumbani. Panga mbegu sita za mbaazi katika mstari, na chini yake mbegu sita nyingine, kila moja ikielekeana na mwenzake. Mtoto atakubali kwamba mistari ni sawa. Kisha, akiwa anatazama, tawanya mstari wa chini uwe mrefu, umwulize ni upi wenye mbegu nyingi. Watoto wengi wa miaka minne husema ni ule mrefu. Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi aliyeishi kuanzia 1896 hadi 1980, alijulikana kwa uchunguzi wa namna hii, akaonyesha kwamba mtoto hafikiri kama mtu mzima aliye mdogo, bali ana njia yake ya kufikiri, nayo hukua pole pole.

Mtoto wa namna hiyo si mjinga, wala fimbo haitamsaidia. Dawa yake ni kushika, kupanga, kutawanya na kuhesabu tena mara nyingi, mpaka mikono yake iifundishe akili. Na kumpiga ni kinyume cha sheria pia, kwa maana Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza mwanafunzi kuadhibiwa kwa kipigo.

LUGHA YA NYUMBANI

Watoto wengi wa Kalamba hufika shuleni wakijua Kikamba. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza kwamba madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya mahali shule ilipo, na mtaala wa sasa unafuata njia hiyo hiyo. Wazazi wengine huona ni hasara, wakitaka Kiingereza siku ya kwanza. Lakini mtoto anayejifunza jambo geni kwa lugha ngeni amebebeshwa mizigo miwili kwa wakati mmoja.

Tena lugha ya nyumbani ni daraja. Mtoto ajuaye "itatu" na "inya" yu karibu na tatu na nne. Ajuaye "kenda" amekwisha kujua neno la Kiswahili cha zamani lenye maana ya tisa. Shida iko kwenye sita na saba, maneno yaliyotoka katika Kiarabu, kwani Kikamba husema "thanthatu" na "muonza". Mwalimu alijuaye hilo hukaa zaidi hapo, na kupita upesi penginepo.

UDONGO KABLA YA PENSELI

Mbona basi daftari ni tupu? Kwa sababu vidole bado havijawa tayari. Mtoto afinyangaye ng'ombe wa udongo, atungaye shanga katika uzi, au asukaye majani kama aonavyo mama na nyanya wakisuka kiondo cha katani, anavipa vidole nguvu na utii. Vidole hivyo vikishika penseli, herufi hazitakuwa za kutetemeka. Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji. Nao hawakusema uukaushe juani kwanza ndipo uufinyange.

Mawazo haya si mapya. Mjerumani Friedrich Froebel alifungua shule ya watoto wadogo ya michezo na kazi za mikono mwaka 1837 huko Blankenburg. Nchini Kenya, Kituo cha Taifa cha Elimu ya Watoto Wadogo kilianzishwa mwaka 1984. Katiba ya mwaka 2010 iliikabidhi elimu ya awali kwa kaunti, na mwaka 2019 mtaala mpya wa umilisi ukaanza kufuatwa nchini kote, ukiwa na miaka miwili ya elimu ya awali kabla ya gredi ya kwanza.

KAZI YA MZAZI

Mwalimu peke yake hawezi kuimaliza kazi hii. Mzazi anayepepeta ndengu jioni aweza kumwambia mtoto achague mbegu mbovu, na kuzihesabu kwa mafungu ya tano. Anayetandika chakula aweza kumwuliza ni sahani ngapi zinahitajiwa kwa watu waliopo. Naye babu asimuliapo hadithi, na asimame katikati, amwache mtoto aseme ni nini kitakachofuata.

Na jioni mkoba ukifunguliwa, daftari likawa tupu, swali la kumwuliza mtoto lisiwe, "Mbona hukuandika?" Na aulizwe, "Mlicheza mchezo gani leo?" Kisha mzazi akae chini, na mbegu zake mkononi, amwombe amwonyeshe.